Kila Tairi na Upepo Wake



Ukifungua boneti ya gari la zamani la Kimarekani liitwalo Chevrolet Corvair, utakuta mahali pa kuweka mizigo. Injini iko nyuma, nayo haina rejeta wala maji. Hupozwa na feni. Gari hilo, lililotoka kwa modeli za mwaka 1960 hadi 1969, lilikuwa la ajabu kwa Wamarekani waliozoea magari marefu na mazito yenye injini mbele.

Waliolimiliki hulisimulia kama mtu anavyomsimulia babu mwenye vituko. Mkanda wa feni hujipinda kwenye kona za injini, na ukikatika safari imekwisha. Basi mwenye gari hutembea na mkanda wa akiba na spana. Sili za mpira hukauka kwa joto, oili huvuja, na hita ikiwashwa harufu yake huingia mpaka kwenye viti. Mtu hulala chini ya gari, hubadilisha sili, hunawa mikono, na bado hulipenda.

Jambo zito lilikuwa upepo wa tairi. Kwa kuwa uzito uko nyuma, kitabu cha magari ya mwanzo kiliagiza pauni 15 kwa tairi za mbele na 26 kwa za nyuma. Wengi walijaza sawasawa kote, kama walivyozoea. Kwenye kona kali, nyuma ya gari iliweza kuteleza na kuligeuza.

Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alitoa kitabu ambacho sura yake ya kwanza ililishutumu Corvair. Alikuwa na hoja: usalama wa watu haufai kutegemea agizo linalosahaulika upesi. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimeongeza vyuma vya kulituliza gari katika modeli ya 1964, na katika ile ya 1965 kikabadilisha kabisa muundo wa nyuma. Mwaka 1972 uchunguzi wa serikali ulisema Corvair za mwanzo hazikuwa hatari kuliko magari mengine ya wakati wake. Lakini gari lilikuwa limeshaacha kutengenezwa, na jina limeshaharibika.

Gari halina roho, ndugu yangu. Mtoto anayo. Nyumbani tuna watoto watatu, nao tunawajaza upepo ule ule: ukali ule ule, mfano wa dada yao ule ule. Mmoja akiteleza kwenye kona tunamwita mkaidi, na jina hilo linamganda. Tukiulizwa tunajibu, "Nilishamwambia." Hapo tunafanana na kiwanda kilichoona kwamba kuandika agizo kitabuni kunatosha.

Mtume Paulo, katika sura ya 12 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, analifananisha Kanisa na mwili wenye viungo vingi, na anataka kiungo dhaifu kitunzwe zaidi. Mbele za Mungu tuna thamani sawa, lakini hakutuumba tubebe uzito sehemu moja.

Leo baada ya chakula, mwite yule mnayemwita mkaidi. Usimhubirie. Muulize ni nini kinachomlemea, kisha nyamaza mpaka amalize.

Nawatakia Dominika njema.