Je, Wajua? Visima vya Hisani Isiolo

Je, wajua kwamba Kaunti ya Isiolo, kilomita za mraba 25,000 na ushei, inakaribia Rwanda nzima kwa ukubwa? Sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 268,002 tu. Kuvuta bomba hadi maeneo yake ya mbali kama Sericho, Merti na Oldonyiro ni gharama kubwa mno, na hapo ndipo wakfu za kampuni huingia na mitambo ya kuchimba visima.

Je, wajua mbio huzaa maji? Lewa Marathon, inayokimbiwa tangu 2000 katika hifadhi inayopakana na Isiolo, ilibeba jina la kampuni ya simu ya Safaricom kwa miaka mingi. Mapato yake husaidia shule, zahanati na miradi ya maji ya vijiji jirani.

Kampuni ikitoa mchango kwa shirika la hisani linalotambuliwa kisheria, mchango huo hupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kanuni zake za awali zilikuwa za 2007; za sasa ni za 2024. Kwa hiyo umma nao umechangia kisima kinachochimbwa kwa mchango huo, na una haki ya kuuliza hali yake.

Ngamia mwenye kiu anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja, yaani mitungi mitano ya lita 20. Anayepima mradi kwa idadi ya watu peke yake hajaijua Isiolo.

Je, wajua maji ya chini ya ardhi ya Merti, yanayofika hadi Dadaab, yana chumvi katika baadhi ya sehemu? Ndiyo maana hupimwa kwanza, shangwe baadaye.

Sasa hili linaniuma: takwimu za nchi 20 za Afrika zilizokusanywa 2009 zilionyesha kuwa zaidi ya theluthi ya pampu za mkono vijijini hazikuwa zikifanya kazi. Dawa ipo. Kule Kyuso, Kitui, watafiti wa Oxford walifunga vifaa vinavyotuma ujumbe wa simu pampu inapolala. Fundi akawa anafika ndani ya siku chache, badala ya takriban mwezi. Wafadhili wengi hulipia siku ya uzinduzi. Mimi ningewaomba walipie mwaka wa tano: vipuri, fundi, mafuta ya pikipiki yake.

Je, wajua wafugaji Waborana wa Isiolo wana aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha mifugo kisimani, na dedha, baraza la wazee linaloamua malisho na maji ya kiangazi yafunguliwe lini? Isiolo ilipokuwa kaunti ya kwanza Kenya kujaribu mfuko wa mabadiliko ya tabianchi, wananchi wa wadi walichagua miradi wenyewe, na sehemu ya fedha ikaenda kuimarisha dedha. Sijasikia kampuni iliyolipia kitu kama hicho, na ningependa sana nisikie.