Dawa ya presha imfuate mama shambani

Je, msomaji, una dada au wifi mjamzito huko nyumbani Igembe au Mbeere? Basi usimwulize tu kama mtoto anacheza tumboni. Mwulize presha yake ilipimwa lini, na ilikuwa ngapi.

Presha ya ujauzito haibishi hodi. Baada ya wiki 20 inaweza kufika 140 kwa 90 na kuzidi, mkojo ukaonyesha protini, na mama bado anachuma majani chai kama kawaida. Akiumwa na kichwa kisichosikia dawa, macho yakaona ukungu, uso ukavimba au akachomwa chini ya mbavu za kulia, kifafa cha mimba ki mlangoni. Asingoje kliniki ijayo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa zipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wa wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba magnesi salfeti hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini mara nyingi dozi ya kwanza huwa na sindano mbili nzito za makalioni, nazo zinauma kwelikweli! Tembe za methildopa nazo hunywewa mara kadhaa kwa siku na huleta usingizi. Sasa mwambie mama wa Kiritiri, mwenye mbuzi, watoto na shamba la ndengu, azimeze kila siku ilhali hajihisi mgonjwa. Ataziacha, kisha aitwe mkaidi! Kwangu mimi, dawa ndiyo haikumfikiria.

Wapo waliomfikiria. Wataalamu wa King's College London walibuni mashine ya presha yenye taa za kijani, manjano na nyekundu, kama zile za barabarani, inayochajiwa kwa chaja ya simu. Ilijaribiwa mwaka 2016 na 2017 katika nchi kadhaa, Uganda ikiwamo. Haikuthibitika kwamba yenyewe ilipunguza vifo, wala si ajabu: taa nyekundu ikishawaka zahanati, bado yahitajika sindano ya kwanza papo hapo, na gari la kwenda Embu au Meru mjini.

Kwa hivyo, msindikize dadako kliniki. Tembe zikimshinda, asiziache kimyakimya. Amwulize daktari kuhusu nifedipini ya kuyeyuka polepole, ambayo hunywewa mara moja au mbili kwa siku. Na kwenye jalada la kijitabu chake, andikeni nambari ya dereva anayekubali kuamshwa usiku.