Kiingereza 38, alama D: mtoto amefaulu au amefeli?

Mama mmoja wa Kwa Mtoro alitutumia ujumbe tukiwa hewani asubuhi. Kijana wake wa kidato cha tatu amerudi na ripoti ya muhula, Kiingereza kapata 38, alama D. Kijana anasema amefaulu. Baba yake anasema amefeli, na kama ni hivyo bora abaki nyumbani asaidie shamba la alizeti. Mama akatuuliza: nani mkweli?

Kwa kanuni, kijana ndiye mkweli. Shule nyingi hutumia viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, kwa kidato cha nne: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya 30 ni F. Kwa hiyo 38 ni ufaulu. Lakini anayetaka kwenda kidato cha tano anahitaji angalau C tatu, na D haihesabiki humo. Baba naye, basi, hakukosea sana.

Mipaka hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Wengi wetu tunakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Mei mwaka huo serikali ikayafuta, yakapangwa upya, na waliokuwa na sifuri baadhi yao wakajikuta na daraja. Majibu yao kwenye karatasi yalikuwa yaleyale.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wachache wanalijua. Daraja la kidato cha nne hukokotolewa kwa masomo saba tu, yale ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Chukua mwanafunzi wa masomo tisa mwenye B mbili na C tano. Hizo ni pointi 19, yaani Daraja la Pili. Masomo yake mawili yaliyobaki, Hisabati na Kiingereza, kapata F yote mawili, na daraja halikuguswa. Nyumbani watachinja kuku, na wana haki ya kuchinja. Ila kijana huyo, akifika kidato cha tano, atakuta vitabu vyote vya mchepuo wake vimeandikwa kwa lugha aliyopatia F.

Hapo ndipo Kiingereza kinapotofautiana na masomo mengine. Baiolojia, Kemia na Jiografia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto anaweza kujua vizuri jinsi mmea unavyotengeneza chakula, kwa kuwa mahindi kayaona tangu anatambaa, akakosa alama kwa sababu hakuelewa swali. Na kwa watoto wengi wa Chemba Kiingereza ni lugha ya tatu. Nyumbani ni Kisandawe, Kirangi au Kiburunge, shule ya msingi ni Kiswahili, halafu kidato cha kwanza mambo yanageuka ghafla. (Sisi wenyewe hapa studio, tukikutana na jina gumu la Kiingereza kwenye taarifa ya habari, huwa tunatazamana kwanza.)

Sasa turudi darasani, kwa sababu 38 ya shule moja si lazima iwe sawa na 38 ya shule nyingine. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 akitoa insha moja, na kila insha akaisahihisha kwa dakika tano, atatumia dakika 400, karibu saa saba, kwa zoezi moja tu. Kesho ana vipindi vingine. Hatuwezi kumlaumu akitoa maswali ya kuchagua na ya kujaza nafasi, ambayo husahihishwa haraka. Tatizo ni kwamba mtihani wa taifa unataka zaidi ya hapo: kusoma kifungu na kukifupisha kwa maneno yake mwenyewe, kuandika barua, kujadili vitabu vya fasihi kwa insha. Mtoto aliyezoea kuzungushia herufi anaweza kupata 60 muhula mzima, kisha akaanguka kwenye karatasi ya mwisho, na kila mtu akashangaa. NECTA huweka kwenye tovuti yake uchambuzi wa namna watahiniwa walivyojibu, swali kwa swali. Walimu wa Kiingereza wanaoutumia hujua wanafunzi wao wanatarajiwa nini, na tungependa uwe unasomwa hata kwenye vikao vya wazazi.

Tulimshauri yule mama aache kidogo ripoti, amwambie kijana alete karatasi yenyewe iliyosahihishwa. Alisema hajui Kiingereza. Tukamjibu kwamba tarakimu anazijua, na kila swali lina alama zake pembeni.

Baada ya siku mbili akapiga simu. Maswali ya kuchagua na kujaza nafasi yalikuwa yamempa kijana karibu alama zote 38. Kwenye barua ya kuomba kazi alipata 2 kati ya 15. Kwenye insha ya fasihi hakuandika kitu, ila namba ya swali. Baba aliitazama ile karatasi, akauliza barua ya kuomba kazi huwa inaandikwaje. Jumatatu mama anakwenda kumwona mwalimu, na kijana bado yuko shuleni.