Tenisi Ilianzia Wapi? Fundisho kwa Wasomao Habari Katika Simu

Wazee wetu walisema, "Lisemwalo lipo, kama halipo, laja." Methali hiyo ina busara yake, lakini siku hizi yataka uangalifu. Hapo kale neno lilitembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji, na aliyelileta alikuwa na jina na ukoo. Ukimshuku, ulimwita barazani akajibu. Leo neno lapita katika simu usiku na mchana, na aliyelitoa hatumjui baba yake wala mama yake.

Tuseme mwalimu amempa mtoto wako kazi hii: "Andika historia ya mchezo wa tenisi." Mtoto ashika simu, auliza katika intaneti, na mara moja apata majibu mengi yasiyopatana. Afanye nini? Msidhani ni jambo la kitoto. Katika jambo dogo kama hili, ambalo kosa lake halimwumizi mtu, mtoto aweza kujifunza kupima maneno kabla hajakutana na maneno ya dawa, ya fedha au ya shamba.

PIMA KAMA MPINGO

Hapa Mwenge, Dar es Salaam, lipo soko la vinyago linalojulikana na wageni wa nchi nyingi. Wenye kujua vinyago watakuambia kwamba kiini cha mpingo ni cheusi chenyewe, tena kizito hata kikitiwa majini huzama. Lakini popote viuzwapo vinyago, huweza kutokea mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu, nao hung'aa kuliko mpingo wenyewe. Mnunuzi mwerevu hadanganywi na mng'ao. Hukipima kinyago mkononi, hukigeuza, hukikwangua kidogo kwa chini. Basi na maneno ya simu tuyafanyie vivyo hivyo.

NANI ALIANZA?

Mtoto wetu atakuta majibu matatu. La kwanza lasema tenisi ilianzishwa na Meja Walter Clopton Wingfield, Mwingereza aliyepata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1874. La pili lasema hapana, walianza Harry Gem na rafiki yake Augurio Perera, mfanyabiashara Mhispania, huko Birmingham katika miaka ya kati ya 1859 na 1865; nao pamoja na wenzao wakaunda chama cha mchezo huo mjini Leamington mwaka 1872. La tatu lasema mchezo ni wa Wafaransa, waliopiga mpira kwa kiganja cha mkono karne nyingi kabla ya hapo.

Je, nani mwongo? Tuyakwangue. Hati ya Wingfield ni ya kweli, tena ina tarehe. Lakini yashuhudia nini? Yashuhudia kwamba aliomba ulinzi akapewa. Haishuhudii kwamba hakuna mtu aliyecheza kabla yake. Ni kama cheti cha ndoa: chatuonyesha siku watu walipofunga ndoa, hakituambii siku walipoanza kupendana.

Tena yuko shahidi asiyehusika na ugomvi huu. Tarehe 20 Juni 1789, wajumbe wa wananchi wa Ufaransa walikuta ukumbi wao umefungwa kwa amri ya mfalme. Wakaingia katika jengo la kuchezea mpira huko Versailles, wakala kiapo kwamba hawataachana mpaka nchi ipate katiba. Habari hiyo haikuandikwa ili kusifu mchezo, lakini yathibitisha kwamba Wafaransa walikuwa na majengo ya mchezo huo miaka 85 kabla ya hati ya Wingfield.

Basi majibu yote matatu yana kweli ndani yake, kila moja kwa sehemu yake. Mchezo wa zamani ulichezwa ndani ya kuta. Kuutoa nje na kuucheza juu ya nyasi kulihitaji vitu vipya: mashine ya kukata nyasi, aliyoitengeneza Edwin Budding mwaka 1830, na raba iliyoimarishwa kwa njia ya Charles Goodyear, aliyepata hati yake mwaka 1844, ili mpira udunde vizuri kwenye nyasi. Uwanja wa Wingfield ulikuwa mwembamba katikati. Uwanja wa mstatili, kama tunaouona leo, ndio uliotumika katika mashindano ya kwanza ya Wimbledon mwaka 1877, ambayo Spencer Gore aliyashinda kati ya wachezaji 22.

HADITHI TAMU

Pointi za tenisi huhesabiwa 15, 30, halafu 40. Wako wasemao hesabu hiyo yatoka katika uso wa saa, mshale ukienda robo kwa robo. Hadithi hii ni tamu, na kwa utamu wake yarudiwa sana. Lakini hesabu ya kumi na tano tayari yaonekana katika maandiko ya karne ya 15, na saa zenye mshale wa dakika hazikuenea mpaka baada ya Christiaan Huygens kubuni saa ya pendulamu mwaka 1656. Mjukuu hawezi kumzaa babu yake.

NENO LILILODONDOKA NJIANI

Pengine uongo hauongezi neno, bali waondoa moja. Mnamo Julai 2022, Angella Okutoyi wa Kenya, msichana aliyelelewa na bibi yake, alishinda pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi mashindano ya wasichana ya wawili wawili huko Wimbledon. Akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano makubwa manne ya tenisi ya dunia. Habari hii ni ya kweli, nasi twaifurahia. Lakini neno "wasichana" likidondoka njiani, na "Mkenya" akageuka "Mwafrika", utasoma kwamba yeye ni Mwafrika wa kwanza kushinda Wimbledon. Hapo kweli imekwisha kuharibika, kwa maana Ismail El Shafei wa Misri alishinda mashindano ya wavulana mwaka 1964. Sifa ya Angella haihitaji chumvi hiyo.

MASWALI MANNE

Mfundisheni mtoto maswali haya. Kwanza, nani amesema? Pili, amesema lini, na je, alikuwa karibu na jambo lenyewe? Katika ofisi ya parokia twaliamini daftari la ubatizo kwa sababu huandikwa wakati wa tendo lenyewe, tena na majina ya mashahidi. Tatu, ameyapata wapi? Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001, yaweza kuandikwa na karibu kila mtu. Usiikatae, bali shuka chini ya ukurasa ukaone imetegemea vitabu gani. Nne, anapata faida gani kwa kusema hivyo?

Tena mtoto asihesabu kurasa. Kurasa kumi zenye maneno yale yale, hata makosa yale yale, si mashahidi kumi. Ni shahidi mmoja na mwangwi wake. Na zile programu mpya zinazojibu kila swali kwa maneno laini, nazo ziulizwe: umeyatoa wapi? Ulaini wa maneno ni ule mng'ao wa dawa ya viatu.

Ninyi wazazi msiseme, "Sisi hatujui mambo ya simu." Swali la kupima neno hamkulipata katika simu, mnalo tangu zamani, barazani na penye mipaka ya mashamba. Leo mtoto aulizwe hivyo juu ya tenisi. Kesho utaingia ujumbe wa kumwambia mgonjwa aache vidonge vya hospitali anywe majani fulani, na huenda mtoto huyo ndiye atakayekuwa ameshika simu nyumbani. Heri siku hiyo awe amekwisha kuzoea kuuliza: nani amesema, naye amejuaje?