Mwanamichezo mwenye ufaulu wa wastani achague chuo gani?

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

KILA matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, mitaa ya Shinyanga, Kahama na Geita haikosi kijana wa aina moja: aliyeng'ara katika mashindano ya UMISSETA na kujipatia jina, lakini cheti chake kikaonyesha ufaulu wa wastani. Wazazi humtaka aendelee na masomo, wachezaji wenzake humtaka uwanjani, na jamaa walioko kwenye machimbo humwita akajaribu bahati katika maduara ya dhahabu.

Swali linalomkabili ni gumu: asome wapi, bila ya kukiua kipaji chake na bila ya kukitegemea kipaji hicho peke yake?

Jibu huanzia kwenye cheti. Daraja la ufaulu hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, ambapo A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Mwenye C mbili na D tano ana pointi 26, yaani Daraja la IV. Mwenzake mwenye C tatu na D nne ana pointi 25, yaani Daraja la III.

Tofauti yao ni somo moja, na pengine alama moja tu, kwa kuwa 44 ni D na 45 ni C. Hata hivyo, kidato cha tano hutaka angalau C tatu na pointi zisizozidi 25, na vyuo vya ualimu kwa kawaida hutaka Daraja la I hadi la III. Kwa aliye bado shuleni, saa moja ya kitabu baada ya mazoezi inaweza kumfungulia milango hiyo miwili.

Aliyepata Daraja la IV naye hajafungiwa njia. Kozi nyingi za astashahada hupokea wenye ufaulu wa D nne au zaidi, masomo ya dini yakiwa hayahesabiwi, ingawa fani kama za afya hutaja masomo maalumu ya sayansi. Kutoka astashahada hupandwa hadi stashahada, na mwenye stashahada yenye GPA isiyopungua 3.0 anaweza kuomba shahada. Aidha, tangu mwaka wa masomo wa 2023/24, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

Kwa anayetaka kubaki katika michezo, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kipo wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, kwenye njia ya reli itokayo Shinyanga. Hapo hufundishwa masuala ya ukocha na uongozi wa michezo. Kwa atakayefika ngazi ya shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo.

Kwa asiyetaka kwenda mbali na klabu yake, mjini Shinyanga kuna chuo cha VETA, na kuna Kizumbi, tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. VETA Moshi nayo imekuwa ikiandaa mafundi kwa ushirikiano na kampuni za migodi.

Kwa nini kijana mwenye kipaji ahangaike na ufundi au hesabu za ushirika? Historia ya karibuni ya ukanda huu inatoa jibu. Stand United ya Shinyanga ilishuka kutoka Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Mwadui ikafuata msimu wa 2020/21. Geita Gold, iliyopanda mwaka 2021, ikashuka msimu wa 2023/24. Timu inaposhuka, mishahara nayo hutetereka.

Migodi nayo ina mwisho. Buzwagi, ulio jirani na mji wa Kahama, ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021 baada ya takriban miaka 12. Fundi umeme au mchomeleaji aliyekuwa na cheti aliondoka na ujuzi wake. Asiye na ujuzi aliondoka na kumbukumbu.

Wapo wanaoota kwenda Marekani. Njia hiyo ni ya kweli: Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso na akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980. Lakini huko nako cheti hutazamwa. Kijana wa besiboli anayetaka kucheza ngazi ya kwanza ya vyuo hulazimika kufikisha wastani wa 2.3 katika masomo ya msingi. Wengi wasiofika huanzia vyuo vya miaka miwili, wakarekebisha alama huku wakicheza, kisha wakahamia vyuo vikubwa. Hiyo haitofautiani sana na ngazi yetu ya astashahada.

Kabla ya kulipa ada, mzazi na kijana wana mambo manne ya kuuliza. Je, chuo na kozi vimesajiliwa na NACTVET? Je, ratiba inaacha jioni huru kwa mazoezi? Je, chuo hutoa ruhusa kwa mechi za ugenini, na mtihani uliokoswa hufidiwaje? Na je, nani atalipa matibabu mchezaji akiumia?

La tano kijana ajiulize mwenyewe: goti likigoma kesho, kozi hii itamlisha? Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Basi na achague chuo ambacho, likimponyoka moja, litakalobaki mkononi litamtosha kuishi.