Ufaafu wa Anwani: Riwaya ya Peponi

Mwaka 2022, Mkuki na Nyota, shirika huru la uchapishaji la Dar es Salaam, lilitoa riwaya ya Peponi. Ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise (1994), kazi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar.

Anwani yake ni ya kinaya. Yusuf, mhusika mkuu, anatolewa na babake kwa tajiri Aziz kuwa rehani ya deni. Khalil naye yumo dukani kwa tajiri huyo kwa deni la babake. Bustani inapendeza kama pepo, lakini wanaoizunguka hawako huru.

Mtahiniwa asitosheke kusema kwamba anwani inafaa. Aonyeshe anayeifaidi pepo hiyo na anayeilipia. Mwalimu aitumie riwaya hii kuwazoeza wanafunzi kuhakiki bila kutegemea mwongozo.