Kimbunga kiko Msumbiji, mbona mvua imekata Mbozi?

Kila msimu wa mvua, hasa kuanzia Januari hadi Aprili, huja siku redio ikatangaza kwamba kimbunga kimezaliwa karibu na Madagaska au Msumbiji. Wengi wetu huku Songwe tunasikiliza nusu nusu. Bahari iko mbali. Kutoka Tunduma hadi pwani ya Kilwa au Lindi ni zaidi ya kilomita 700 kwa mstari ulionyooka, na kimbunga kikishaingia nchi kavu huishiwa nguvu mapema, kwa sababu chakula chake ni maji ya bahari yenye joto.

Lakini baada ya siku mbili tatu unaona mvua imebadilika. Pengine inanyesha usiku na mchana, Ileje hadi Vwawa, mpaka barabara za vijijini hazipitiki. Pengine jua linawaka wiki nzima wakati mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na majani yanaanza kujikunja. Swali linalotufikia mara nyingi ni hili: kimbunga kilekile, kwa nini mwaka huu kilete mvua na mwaka ule kiikate?

Jibu liko kwenye njia kinayopita.

Upepo unavyozunguka

Katika nusu hii ya kusini ya dunia, upepo wa kimbunga huzunguka kama mshale wa saa unavyokwenda. Chukua sahani, iweke mezani, uizungushe hivyo huku ukiitazama kwa juu. Ukingo wa juu, yaani upande wa kaskazini, unakimbilia kulia, mashariki. Ukingo wa kushoto, yaani upande wa magharibi, unapanda juu, kaskazini.

Sasa weka sahani hiyo kaskazini mashariki mwa Madagaska. Tanzania iko upande wa juu kushoto. Upepo wa ukingo wa juu unavuta hewa kutoka magharibi, na magharibi yetu kuna misitu ya Kongo, yenye unyevu mwingi. Hewa hiyo inapita juu ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, inagonga miinuko ya Mbozi na Ileje, inapanda, inapoa, inanyesha. Ndiyo maana mara nyingine kimbunga kilicho mbali sana baharini kinatuletea mvua nzuri wakati pwani ya Tanzania hawajaona tone.

Isogeze sahani iwe kwenye mlango-bahari wa Msumbiji, yale maji yaliyo kati ya Msumbiji na Madagaska, karibu na bara. Sisi sasa tunaweza kuguswa na upande wake wa magharibi. Upepo huo unatoka kusini, na hewa ya kusini ni kavu kuliko ya Kongo. Pia kimbunga kinakusanya unyevu wote kukizunguka na kuumwaga pale kilipo. Machi 2019 kimbunga Idai kilikaa kwenye maji hayo siku kadhaa, kikaipiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 na kufurika Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Wakati huohuo Kenya na kaskazini mwa Tanzania walikuwa wanasubiri masika iliyochelewa.

Si kila mara mambo huenda hivyo kwa unyoofu. Tofauti ya kilomita mia mbili au tatu inatosha kugeuza kila kitu, na hapo ndipo mtabiri anapopata shida.

Nani anakisukuma?

Kimbunga hakijiendeshi. Upande wa kusini wa Bahari ya Hindi kuna eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa, ambalo wataalamu wanaliita Maskareni kwa jina la visiwa vya Morisi, Reunion na Rodrigues. Lifikirie kama kilima cha hewa. Kimbunga hakipandi kilima hicho, kinapita kando yake: kinasafiri kuelekea magharibi kwa upande wa kaskazini, kikifika mwisho wa kilima kinakata kona kwenda kusini na kufia kwenye maji baridi.

Kilima kikiwa kipana na kimejivuta kuelekea Afrika, kimbunga hakipati pa kukata kona mapema, na kinaingia Madagaska au Msumbiji. Kilima kikiwa dhaifu au kimerudi mashariki, kimbunga kinageukia baharini na wengi hatusikii hata jina lake. Mwaka 2023 kimbunga Freddy kilizaliwa mapema Februari huko upande wa Australia, kikavuka Bahari ya Hindi nzima, kikapiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi baharini, kikapiga tena Msumbiji na kuizamisha kusini mwa Malawi mwezi Machi. Malawi peke yake zaidi ya watu 1,000 walikufa au hawakuonekana tena.

Kilima hicho hubadilika mwaka hadi mwaka, na moja ya mikono inayokisogeza iko mbali sana, kwenye bahari ya Pasifiki. Maji ya huko yakipoa kuliko kawaida, hali tunayoiita La Nina, vimbunga vingi zaidi huelekea kunyooka magharibi. Msimu wa 2021/22 ulikuwa wa La Nina, na Ana, Batsirai na Gombe vilipiga Madagaska au Msumbiji kimoja baada ya kingine. Maji yakipata joto, yaani El Nino, vingi hukata kona mapema. Ila usiifanye sheria: Idai na Kenneth, vyote vya 2019, vilikuja mwaka wenye El Nino hafifu.

Miaka 150 nyuma

Tukitazama miongo, hesabu inakuwa ngumu zaidi. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba iliponea, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Ikapita miaka 80, hadi Aprili 1952, kimbunga kikapiga Lindi. Ikapita mingine 67 hadi Kenneth, kilichoingia Cabo Delgado, kusini kidogo tu ya Mtwara. Kisha Jobo, Aprili 2021, kilichokufa kabla ya kufika pwani yetu. Kisha Hidaya, Mei 2024, kilichofika Mafia.

Mtu akisoma orodha hiyo atasema vimbunga sasa vinatufuata. Mimi nasita. Kabla ya setilaiti kuanza kutazama bahari miaka ya 1960, kimbunga kilichofia majini bila meli kukiona hakikuandikwa popote, kwa hiyo hatuna daftari kamili la kulinganisha. Wanachokubaliana wataalamu ni kwamba bahari inapopata joto, vile vikali vinakuwa sehemu kubwa zaidi ya vimbunga vyote, na vinamwaga mvua nyingi zaidi. Kwamba idadi yenyewe inaongezeka, hilo halijathibitika.

Juni hadi Agosti hadithi ni nyingine. Wakati huo dhoruba zinapita kusini kabisa, chini ya Cape Town, na nyuma yake hewa baridi husukumwa kupandisha Msumbiji hadi nyanda zetu za juu. Baridi ya kipupwe inayokufanya uchelewe kutoka nje asubuhi Mbozi, mara nyingi imeanzia huko. Njia hizo nazo huhama: kati ya 2015 na 2017 dhoruba nyingi za majira ya baridi zilipita kusini zaidi bila kuigusa Cape Town, na mwanzoni mwa 2018 jiji hilo likawa linahesabu siku zilizobaki kabla ya kufunga mabomba.

Mpakani mwa hali mbili

Songwe iko mpakani, na si mpaka wa Nakonde tu. El Nino kwa kawaida huongeza mvua kaskazini na mashariki mwa Tanzania na kuikausha Afrika ya kusini. Msimu wa 2023/24 ulionyesha vizuri: Desemba 2023 mafuriko na maporomoko ya tope yaliua watu Hanang, na mwishoni mwa Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Sisi tuko katikati ya hizo mbili. Kwa hiyo ukisikia "mwaka huu ni El Nino", bado hujaambiwa lolote la uhakika kuhusu shamba lako la Momba.

Utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) unasaidia kuchagua mbegu: ya muda mfupi au ya muda mrefu. Lakini hauwezi kukuambia Machi kimbunga kitakaa wapi. Hilo linajulikana siku chache tu kabla, na linapatikana kwenye utabiri wa siku 10 na wa siku 5.

Kwa hiyo ukisikia kimbunga kimetangazwa, uliza kiko wapi kabla ya kufungua mfuko wa mbolea ya kukuzia. Kikiwa kaskazini mashariki mwa Madagaska, mvua kubwa inaweza kuja na kuisomba mbolea yote bondeni. Kikiwa karibu na Msumbiji, huenda udongo ukakauka na mbolea ikakaa juu bila kuyeyuka. Sikiliza utabiri wa siku 5, kisha amua. Mfuko hauozi ukikaa siku tatu ndani.